Chumba Alicholala Mama Dari

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi alasiri, Mkaguzi Mkuu wa Vyumba wa hoteli yetu atavua kitambulisho chake na kukiweka juu ya meza ya mapokezi, baada ya kututumikia miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Ofisi ilitaka niandike na siku pia, lakini siku za likizo alizokuja kazini "kuchungulia tu" zimevuruga hesabu. Kwenye faili ana jina kamili lenye heshima zake. Sisi humu ndani tunamwita Mama Dari, na wapo waliofanya naye kazi miaka kumi wasiojua kama ana jina jingine.

Wasifu wa aina hii kwa kawaida huandikwa na watu wa ofisini, wale wanaopanga "mchapakazi, mwaminifu, mwenye ushirikiano" mpaka msomaji anaanza kutafuta kiti. Safari hii mstaafu mwenyewe amegoma. Alisema wakimwandika wale atajisikia kama yuko msibani kwake, akataka aandikwe na fundi bomba, mtu aliyeishia darasa la sita na aliyegombana naye miaka ishirini na tisa bila kuruka wiki. Basi makosa ya herufi ni yangu na utundu ni wangu. Ukweli ni wake.

Na ukweli wa kwanza ni huu: kidogo tu asistaafu. Miaka sita iliyopita barua ya kumfukuza ilikuwa imeshachapwa na bahasha ipo, imebaki saini. Kosa lilikuwa la maneno matatu, "alikutwa amelala kazini", na maneno yale yalivyotoka nje ya geti yakabadilika sura, yakawa mabaya kuliko yalivyoandikwa. Nitafika huko. Kwanza lazima mjue alilala kwa nini, maana wengine wenu mmeajiriwa juzi na mnadhani kulala kitandani kwa mgeni ni kazi kama kazi nyingine.

Alianzia dobi, akiwa binti wa miaka ishirini na sita, kunyoosha mashuka. Mzee wa dobi alisema wakati ule kwamba ana mkono mwepesi na mdomo mzito. Siku hizi mkono umekuwa mzito kidogo, mdomo ndio mwepesi. Mwaka wa tatu akapandishwa ghorofani kutandika vitanda, na huko akakutana na mgeni aliyembadilisha: mama mjamzito aliyeamriwa na daktari asiinuke kitandani wiki nzima.

Binti wetu alikisafisha chumba kile kwa nguvu zake zote. Alifuta meza, akafuta kioo, akapiga deki mpaka sakafu ikang'aa. Siku ya tatu yule mama akamwambia, "Mwanangu, unasafisha vizuri, lakini hebu njoo ulale hapa ubavuni mwangu kidogo." Akalala, huku anaogopa. "Haya, tazama juu." Akatazama. Ndani ya kibakuli cha taa ya darini walikuwamo wadudu wakavu kumi na mmoja. Mgeni alikuwa ameshawahesabu, na mmoja alikuwa ameshampa jina. Chini ya ubao wa meza ya kitandani palikuwa na pande la bazoka lililotafunwa, limekauka, lina alama za meno ya mtu. "Sakafu yako nzuri sana," yule mama akasema, "ila mimi siioni. Mimi nakaa na hawa."

Toka siku hiyo akashika jambo moja ambalo sisi wengine tulichelewa kulielewa. Wafanyakazi wa hoteli tunafanya kazi tumesimama, na mgeni anaishi mle amelala. Tunaisafisha hoteli ya mtu aliyesimama, tunajipongeza, tunaenda kula. Kisha anakuja mtu amechoka na safari, anajinyoosha, na anaiona hoteli nyingine kabisa ambayo sisi hatujawahi kuingia.

Alipofanywa mkaguzi alianza utaratibu wake, na jina lake likazaliwa. Anaingia chumbani na sanduku kuukuu lililojaa taulo, zito, kwa sababu mtu mwenye mikono mitupu hawezi kujua kwamba swichi ya taa iko nyuma ya mlango. Anatafuta pa kuliweka sanduku. Anavua viatu, anatembea peku mpaka bafuni, maana unyayo unajua mchanga kuliko jicho. Anaketi kila kiti, pamoja na kile cha bafuni, kikiwa kimefunikwa, tafadhali, msicheke. Halafu anatandika shuka lake mwenyewe juu ya kitanda ili asichafue cha mgeni, na analala dakika kumi: tano macho wazi, tano macho yamefumbwa. Macho wazi anaiona dari na pazia. Macho yamefumbwa anaisikia hoteli, yaani friji inavyonguruma, bomba linavyogonga ukutani, lifti inavyofikiri kabla ya kupanda. Na ananusa. Alikuwa akisema harufu ya chumba ndiyo inayomsalimia mgeni kabla yetu sisi, na mara nyingi inamsalimia vibaya.

Mimi mwenyewe alinikamata mwaka wangu wa pili. Wageni wa ghorofa ya tatu walikuwa wanaandika kwenye karatasi za maoni kwamba hatuna maji ya moto, na mimi nikawa naapa kwamba tunayo. Akaniuliza, "Fundi, maji ya moto yako wapi?" Nikamwambia yapo, nimeyapima kwa mkono wangu. "Umeyapima saa ngapi?" Saa nne. "Saa nne mgeni ameshaoga ya baridi, ameshatutukana, yuko kwenye mkutano wake anapiga chafya. Maji ya saa nne unaoga wewe na nani?" Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hoteli nzima ikiwa inaoga, akanisimamisha kwenye chumba cha mwisho wa bomba, na saa ya mkononi na ndoo. Maji ya moto yalichukua dakika nne na sekunde kumi kufika. Ndoo ikajaa, ikamwagika, na yeye amesimama mlangoni, amekunja mikono. Laiti angenitukana. Wiki hiyo nilibadilisha bomba la mita arobaini, na mpaka leo napima maji saa wanayooga watu.

Haya mambo yake hayakuishia vyumbani. Wahudumu wawili waliokuwa wakisimuliana harusi koridoni saa moja asubuhi, kwa sauti ya mnadani, aliwapeleka ndani ya chumba kitupu, akawafungia, akatoka nje akaisimulia harusi ile ile kwa sauti ile ile. Walipotoka walikuwa wameshaelewa. Binti wa mapokezi alimkataza kumuuliza mgeni habari za safari huku macho yakiwa kwenye kompyuta: "Kama humtazami usimuulize. Mpe ufunguo haraka, hiyo nayo ni heshima." Watu wa jikoni aliwaacha, kwa sababu mpishi mkuu wetu ana kisu.

Sasa tumfikie Meneja wetu, ambaye atausoma wasifu huu na ameniahidi kwamba hatafuta kitu. Alikuja miaka minane iliyopita akiwa kijana, na suti iliyomkaa vizuri, na fomu. Fomu ilikuwa na visanduku hamsini na vinane vya kuweka alama ya vema: taulo zimekunjwa, vema, kioo kimefutwa, vema, sabuni mbili, vema. Hakuchelewa kupata jina. Tukamwita Bwana Vema, na naona sasa amelijua.

Bwana Vema alitaka wageni waione hoteli yetu ni ya hali ya juu, na hilo si kosa. Alinunua makochi ya zambarau akayaweka mapokezi. Akaleta tangi la samaki lenye urefu wa kitanda, na mtu maalumu wa kuwahudumia. Samaki wale walibadilishiwa maji kila wiki, wakalishwa kwa saa, wakawekewa taa za rangi. Wangekuwa na mikono wangetuandikia maoni mazuri sana. Wageni wenye mikono waliendelea kuandika "ya kawaida". Ya kawaida, ya kawaida, ya kawaida. Meneja anatazama fomu zake, vema hamsini na nane kila chumba, anatazama karatasi za wageni, anashika kichwa.

Badala ya kumuuliza Mama Dari, akamkataza. Tangazo likabandikwa: ni marufuku mfanyakazi kulala, kuketi au kuegemea kitanda cha mgeni. Na fomu ikampa dakika nane kwa kila chumba. Mama Dari alilisoma tangazo, akalitia saini chini pamoja na sisi wote, kisha akaendelea kulala. Ila kwa dakika nane hakuweza kulala kila chumba, akagawanya: mwaka huu upande wa namba witiri, moja, tatu, tano, mwakani upande wa namba shufwa, mbili, nne, sita. Vyumba visivyofikiwa vilipata vema peke yake.

Wiki tunayoizungumza ilikuwa bado zamu ya namba witiri. Mume wake, fundi cherehani mnayemjua kwa ule mguu wake na ule mdomo wake, alikuwa amelazwa baada ya kupasuliwa nyonga. Mama Dari alikuwa amekaa naye wodini siku tatu mfululizo, amelala kwenye kiti, na kila asubuhi anakuja kazini kama kawaida. Saa nane mchana akaingia chumba 217. Na hapo alifanya kosa lake la kweli, ambalo analikubali hadi leo na ameniambia niliandike bila kulipamba: kwa kuogopa dakika nane, aliipigia simu mapokezi kwamba chumba kiko tayari kabla hajakilalia. Halafu akavua viatu, akatandika shuka lake, akalala. Dakika tano macho wazi, salama. Alipoyafumba, hakuyafumbua.

Mgeni wa 217 alikuwa bwana mmoja wa makamo, muuza mbegu za mboga, mwenye mkoba mkubwa na subira ndogo. Alifungua mlango akamkuta mama wa watu amelala chali, viatu vimepangwa sawasawa chini ya kitanda, anakoroma kwa adabu. Akarudi nyuma akasoma namba ya mlango. Akasoma namba ya ufunguo. Akakohoa. Akakohoa tena, ya nguvu. Mwisho akashuka mapokezi akasema, "Chumba changu kina mtu."

"Haiwezekani, mzee wangu," akasema binti wa mapokezi, "hapa kwenye kompyuta kiko tupu."

"Basi kompyuta ipande ikamwamshe."

Walipanda wote: Meneja, binti wa mapokezi, mlinzi na muuza mbegu. Mimi nilikuwa bafuni chumba cha jirani na spana yangu, nikachungulia. Watu wanne wamesimama mlangoni, wanabishana kwa sauti kuhusu nani aingie kwanza, na mama hana habari. Mpaka mlinzi alipogonga ukuta na rungu ndipo alipoinuka. Alivaa viatu, akakunja shuka lake, akamgeukia mgeni, siyo Meneja, mgeni. "Nimekosa, ndugu yangu, unisamehe sana. Nilikuwa nakijaribu kitanda kama kinalalika."

"Kinalalika," akasema mlinzi.

Binti wa mapokezi alikimbilia kwenye ngazi kwenda kucheka. Mgeni hakucheka. Alisema hatalala kitanda kilicholaliwa, apewe kingine au aitiwe teksi. Akapewa 218, mlango wa kutazamana. Witiri na shufwa mnazijua.

Mama Dari aliitwa ofisini. Hakujitetea na ugonjwa wa mume wake, wala hakutaja siku tatu za kiti. Alisema alilala, alikuwa anakagua, usingizi ulimshinda. Meneja akamwambia arudi kesho saa nne kuchukua barua. Miaka ishirini na minane ya kazi, basi, imekwisha.

Lakini barua haikuwa ndiyo inayomuumiza. Mnajua hoteli. Saa tisa, dobi walikuwa wanasema "kakutwa amelala 217". Saa kumi, jikoni wanasema "kakutwa kitandani 217". Saa kumi na moja maneno yakatoka getini bila kuaga, na yalipofika mtaani kwake yalikuwa yameshakatwa huku na kule: "Yule mama kakutwa kitandani kwa mgeni." Wakati mume yuko hospitali! Na mwezi ule ule binti yake wa pili alikuwa amechumbiwa, wakwe wanaulizia ni watu wa namna gani hawa.

Alikwenda wodini jioni akakuta maneno yameshamtangulia. Wifi yake alikuwa ameketi hapo, amebetua midomo. Fundi cherehani akamtazama mkewe, akauliza swali moja tu mbele ya wote: "Kitanda chenyewe kilikuwaje?"

"Kizuri," akajibu.

"Ungekuja na mimi basi. Hiki cha hapa kinanimaliza mgongo."

Hakuhitaji zaidi kwa upande wa mumewe. Wifi ndiye aliyeondoka bila kuaga. Kesho yake asubuhi, saa moja kasoro, nilimkuta Mama Dari nyuma ya dobi, amekaa juu ya mafurushi ya mashuka machafu, analia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumwona hivyo. Akaniambia, "Fundi, wakinifukuza kwa uvivu nitameza. Lakini hili la mtaani, wanangu watalijibu vipi? Nitasimama wapi niseme nilikuwa naangalia dari, nani ataniamini?"

Saa mbili muuza mbegu akashuka. Macho mekundu, shati amelifunga vifungo vimepishana. Meneja alikuwa anamsubiri pale kwenye makochi ya zambarau, na karatasi na kalamu, kwa sababu alitaka malalamiko ya mgeni yaambatane na barua. "Mzee, tafadhali tuandikie yote, usituonee haya." Mzee akachukua kalamu, akaandika ukurasa mzima, akageuza nyuma.

Meneja akasoma. Pazia halikutani katikati, mwanga wa taa za nje unakata mto kama kisu. Kiyoyozi kinadondosha tone moja kila ninapokaribia kusinzia. Friji inanguruma, nimeichomoa, imeacha dimbwi. Swichi ya taa iko mbali na kitanda, nimejigonga kidole mara mbili. Godoro lina bonde, kila nikigeuka narudi bondeni.

"Mzee, samahani," Meneja akasema, "haya ni ya 218. Mimi naomba ya 217."

"Ya 217 sina. Ndiko nataka nirudi." Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa samaki. "Nirudishieni chumba alicholala yule mama! Tumesimama pale watu wazima wanne, tunapiga kelele mchana kweupe, hakuamka mpaka ukuta ulipogongwa. Mimi nimejifungia na kufuli na sikupata hata lepe. Kile ndicho chumba. Hiki mlichonipa mimi ni cha kwenye karatasi tu."

Meneja alipanda 218 na fomu yake mkononi, nasi tukamfuata, mimi na spana na Mama Dari na bahati yake. Fomu ilisema vema, hamsini na nane. Akatazama kila kona, akaona chumba safi, maana kilikuwa safi kweli. Akageuka kututazama kana kwamba sisi ndio tumekificha kitu. Mama Dari akasema kutoka mlangoni, taratibu, bila kumkejeli, "Ukisimama hutaona, mwanangu."

Sijui kama ni lile "mwanangu". Meneja alimtazama, akaufunga mlango, tukabaki nje. Tulisikia kiatu kimoja, halafu cha pili. Halafu kitanda. Baadaye alituambia kwamba soksi yake ilikuwa imetoboka na ndiyo maana alifunga mlango, na mimi namshukuru kwa ruhusa ya kuliandika hilo. Dakika kumi zilipita, tone likidondoka. Alitoka nywele zimesimama upande mmoja, akaomba kalamu, akaiweka fomu ukutani, na chini ya kisanduku cha hamsini na nane akachora kingine kwa mkono, kimepinda. Akaandika: "Mkaguzi amelala."

Tulidhani yameisha. Mama Dari ndiye aliyekataa. "Barua utaichana, sawa," akamwambia. "Na yale yaliyotoka nje ya geti, utayachanaje?" Meneja akasema atafuta kila kitu kwenye faili lake, isibaki hata nukta. Mama Dari akakataa tena. Akasema kikifutwa watu watajua kuna kilichofutwa. Alitaka sentensi ibaki, ila imaliziwe. Ndiyo maana mtu akifungua faili lake leo atasoma, kwa mwandiko wa Meneja na muhuri juu yake: "Alikutwa amelala kazini, chumba 217, saa nane mchana, akihakikisha kwamba mgeni ataweza kulala. Mgeni aliweza."

Mchana ule Meneja alituita wote ukumbi wa chakula, tukiwa na aproni zetu mbichi, akaisoma sentensi ile mara mbili, ya pili kwa ajili ya dobi na jikoni. Na jioni akafanya jambo ambalo hakulazimishwa na mtu. Alikwenda wodini na muuza mbegu, wakati wa kutazama wagonjwa, pamefurika watu, wifi akiwamo. Muuza mbegu akajitambulisha kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuza sokoni: "Mimi ndiye niliyemkuta mkeo amelala! Mimi na huyu Meneja na mlinzi na rungu lake. Nimekuja kusema asante, leo asubuhi nimerudishwa 217, nimelala saa tatu nzima." Fundi cherehani akamwambia karibu, kaa, na wewe unijaribie hiki cha hospitali. Wodi nzima ilicheka, na kicheko kikatoka nje kwa njia ile ile uliyopitia uvumi. Wiki mbili baadaye wakwe walikuja nyumbani kukamilisha mazungumzo, na jambo la kwanza aliloulizwa Mama Dari na mama mkwe ni jinsi ya kuchagua godoro.

Mwaka ule mapazia ya vyumba sitini na vinne yalishonwa upya yakutane katikati. Mnajua nani aliyashona, akiwa amekalia mto, na mguu juu ya stuli. Swichi zilisogezwa hadi mkono unapofika. Mimi nilipandishwa ghorofani na kushushwa mpaka magoti yakaomba likizo yao yenyewe. Na karatasi za maoni zikaanza kubadilika pole pole. Wageni hawaandiki mambo makubwa. Wanaandika "nililala vizuri", "kimya", "nilikuta kila kitu pale nilipokitafuta". Tangi la samaki halijatajwa hata mara moja katika miaka sita, na samaki wenyewe wanazeeka kwa amani.

Amefundisha wakaguzi kumi na mmoja. Wanne wako nasi, saba wamekwenda hoteli nyingine, na nasikia huko nako watu wameanza kukutwa wamelala. Anayeshika nafasi yake ni yule mwanadada mrefu wa ghorofa ya kwanza, ambaye miguu yake inaning'inia nje ya kitanda, na kwa hiyo ameshagundua jambo ambalo hata Mama Dari, kwa ufupi wake, hakuliona: wageni warefu wanapata baridi ya vidole. Blanketi ndefu zimeagizwa. Wiki hii pekee ameniita mara nne. Hoteli iko salama, mimi ndiye sijui.

Sherehe ni Ijumaa saa tisa, ukumbi wa chakula. Keki ipo. Mpishi mkuu anaomba mtu asiipime.

Jana nilipita ofisini nikamkuta Meneja anajaza cheti chake cha utumishi. Kuna nafasi imeandikwa "sababu ya kuondoka". Alikuwa ameikazia macho muda mrefu kuliko inavyohitaji, huku binti wa mapokezi akimwita kwenye simu mara mbili asisikie. Kisha akaandika "Amestaafu", neno moja, kwa herufi kubwa zilizonyooka, akapuliza wino mpaka ukakauka. Aliposema tumsaidie kutafuta fremu nzuri, tulikwenda watu tisa.

Mama yetu, asante. Asante kwa kila ulichotuonyesha na kwa kila ulichotunyamazia. Wakwe wanakuheshimu, wajukuu wanakusubiri, fundi cherehani amesema safari hii hakubali kukuona na sanduku lile. Nenda ukaishi vizuri, uishi sana, na maji yako ya asubuhi yawe ya moto kila siku. Yakichelewa, nyumbani kwangu unakujua, nitakuja na spana, na nitakuja saa kumi na mbili na nusu.